Ziwa Moja, Madaftari Matatu

Jumuiya ya Afrika Mashariki inapotajwa, mazungumzo yetu huelekea kwenye ushuru wa forodha, malori yaliyokwama Malaba na ndoto ya sarafu moja. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza habari za maabara. Hata hivyo, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, hatukupoteza reli na ndege peke yake. Tulipoteza pia desturi ya kuchunguza mambo yetu pamoja. Hasara hiyo haikupigiwa kelele siku ile, lakini ni miongoni mwa zile zilizotugharimu sana, na hadi leo hatujamaliza kuifidia.

Wasomaji vijana wataniwia radhi nikianza mbali kidogo. Katika miaka ya 1960, utafiti wa nchi hizi tatu uligawanywa kwa kufuata kazi, si kwa kufuata bendera. Pale Muguga, karibu na Nairobi, palikuwa na mashirika ya pamoja ya utafiti wa kilimo, misitu na maradhi ya mifugo. Virusi vilichunguzwa Entebbe, malale Tororo, malaria Amani katika milima ya Usambara, samaki wa maji baridi Jinja, na samaki wa baharini Zanzibar. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1963, hapo mwanzo kiliwapeleka wanafunzi wa udaktari Makerere, wa uhandisi Nairobi na wa sheria Dar es Salaam.

Mpango huo ulizaa matunda. Ni Muguga ambapo Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kutumiwa barani kote na kwingineko. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa kabisa, ugonjwa wa pili kutokomezwa katika historia ya binadamu baada ya ndui.

Mgala muue na haki umpe. Watanzania na Waganda hawakulalamika bure waliposema kwamba faida nyingi za ushirikiano zilibaki Nairobi. Chuo kikuu kiligawanywa mwaka 1970. Mwaka uliofuata Idi Amin alitwaa madaraka, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Kenya ilishika njia ya ubepari, Tanzania ikashika Ujamaa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kila nchi ikajijengea taasisi zake. Kwetu, taasisi za KEMRI na KMFRI ziliundwa mwaka 1979. Tanzania iliunda TAFIRI mwaka 1980. Taasisi hizi zimewalea wataalamu wazalendo wengi, nami sizibezi. Kasoro ilikuwa kwamba jambo lililohitaji jicho moja lilitazamwa na macho matatu yasiyoonana.

Mfano ulio wazi zaidi ni Ziwa Victoria. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tanzania ina takriban asilimia 51, Uganda asilimia 43, na Kenya asilimia 6 tu. Kati ya mwaka 1969 na 1971, watafiti wa Jinja walilizunguka ziwa zima kwa meli yenye wavu wa kukokota ili wakadirie wingi wa samaki. Waligundua kwamba asilimia 80 au zaidi ya uzito wa samaki wa sehemu za chini walikuwa fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia kadhaa ambao hawapatikani penginepo duniani.

Wakati huo mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, alikuwa tayari ndani ya maji. Aliingizwa katika miaka ya 1950, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Geoffrey Fryer, mtafiti aliyewahi kufanya kazi Jinja, aliandika mwaka 1960 akionya dhidi ya kumpandikiza samaki huyo mlafi. Hakusikilizwa. Kwa miaka mingi mbuta alionekana kama mgeni mpole. Kisha, karibu na mwaka 1980, akafurika katika ghuba yetu ya Nyanza. Miaka michache baadaye akafurika upande wa Uganda, halafu upande wa Tanzania. Fulu wakatoweka. Wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zimepotea, na maji yakimwagika hayazoleki.

Msomaji na atazame tarehe hizo vizuri. Mabadiliko makubwa kuliko yote katika uhai wa ziwa yalitokea katika miaka ile ile ambayo mpaka ulikuwa umefungwa, Uganda ikiwa vitani, na kituo cha pamoja kimegawanywa. Sidai kwamba ushirikiano ungalimzuia mbuta, alikwisha kuingia. Wala sisahau kwamba alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni. Lakini wimbi lililoanzia Kenya na kuwafikia jirani baada ya miaka kadhaa lingaliweza kufuatwa na kutabiriwa. Ni kweli kwamba wataalamu waliendelea kukutana chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, kukutana si kupima pamoja. Baada ya uchunguzi ule wa 1971, ziwa zima halikupimwa tena kwa namna hiyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Takribani miaka 25 ya kumbukumbu ina pengo, na pengo hilo limeangukia pale pale tulipohitaji kuona.

Ujenzi mpya ulianza polepole. Mwaka 1994 mawaziri walitia sahihi mjini Kisumu mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake ni Jinja. Gugu maji lilipoziba magati, nchi zote tatu zilifuga na kuwaachilia wadudu wa jamii ya fukusi walilile gugu hilo, kwa maana upepo unaosukuma magugu hauombi pasipoti. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Novemba 1999. Leo Baraza la Vyuo Vikuu liko Kampala, Tume ya Sayansi na Teknolojia iko Kigali, na ya Utafiti wa Afya iko Bujumbura.

Majengo na majina tunayo, basi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kazi kubwa ya kulipima ziwa imetegemea mno miradi ya Jumuiya ya Ulaya na Benki ya Dunia, na kila mradi huzaliwa ukiwa na tarehe yake ya kufa. Samaki hawahesabiwi mara moja yakaisha. Wakati huohuo, kisiwa cha Migingo, kisichofikia ekari moja, kimetutia katika ugomvi na Uganda uliopamba moto mwaka 2009. Tulibishania jiwe huku samaki waliolifanya jiwe hilo kuwa na thamani wakipungua.

Mimi ni mwalimu, na funzo ninalolithamini zaidi katika kisa hiki linatoka vyuoni. Chuo kikuu cha pamoja kilipokufa mwaka 1970, kamati ndogo ya vyuo vitatu ilibaki. Ilibadilishana watahini wa nje na wanafunzi, kazi isiyo na fahari wala fedha nyingi. Mwaka 1980 kamati hiyo ikageuka kuwa Baraza tulilo nalo sasa. Kilichobaki hai ni kile ambacho watu wenyewe walikuwa na haja nacho kila mwaka.

Kwa hiyo, serikali zetu na zitenge fungu dogo lisilokatizwa, kutoka hazina zetu wenyewe, la kulipima ziwa kila mwaka kwa njia moja na kuandika matokeo katika daftari moja. Daftari hilo liwe wazi kwa mwanafunzi wa Maseno, wa Makerere na wa Dar es Salaam bila kuomba ruhusa ya wizara tatu. Nasi walimu tuache kuchora ubaoni asilimia 6 ya ziwa tukaiita Ziwa Victoria. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tumekuwa tukiujenga tangu mwaka 1977.