Ngozi Kavu Wakati wa Baridi: Krimu ya Kijapani Yapimwaje?

Katika mwezi wa Januari anga ya jiji la Tokyo huwa angavu, na jua huwaka siku nyingi mfululizo. Mgeni atokaye nchi za joto huweza kudhani kuwa majira hayo ni ya neema tupu. Lakini haupiti muda mrefu kabla mashavu yake hayajaanza kukakamaa, midomo kupasuka, na magamba meupe mithili ya unga kujitokeza usoni. Hapo huelekea duka la dawa na kukuta rafu zilizojaa krimu za uso, kila moja ikiahidi kurudisha unyevu. Je, krimu hizo hufanya kazi, au humfariji mnunuzi tu? Swali hili laweza kujibiwa kwa njia ya sayansi, tena nyumbani, bila ya chombo chochote cha maabara.

Ukavu watoka wapi?

Wakati wa baridi, upepo mkavu huvuma kutoka Siberia kuelekea Japani. Uvukapo Bahari ya Japani hufyonza mvuke mwingi. Kisha hupanda milima iliyo katikati ya kisiwa cha Honshu, ambako mvuke huo huganda na kuanguka kama theluji. Kwa sababu hiyo mkoa wa Niigata, ulio upande wa magharibi wa milima, hufunikwa na theluji, hali upepo ushukao upande wa Tokyo huwa umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya maji yake.

Ndani ya nyumba hali huzidi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 0 za Sentigredi haiwezi kuchukua zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke, lakini kwa nyuzi 20 yaweza kuchukua gramu 17. Basi hewa ya nje ikiingizwa chumbani na kupashwa moto bila ya kuongezewa maji, hata kama ilikuwa imeshiba mvuke, itakuwa na chini ya theluthi moja ya kiasi iwezacho kuchukua. Hewa yenye kiu namna hiyo hunyonya maji popote iyapatapo, na uso wa mtu haukusalimika.

Ukuta wa ngozi

Sehemu ya nje kabisa ya ngozi ni tabaka la seli zilizokufa, ambalo mahali pengi mwilini halizidi unene wa sehemu 2 katika sehemu 100 za milimita moja. Wanasayansi hulifananisha na ukuta. Seli ndizo matofali, na ndani yake mna kemikali zinazoshika maji. Udongo wa kuyaunganisha matofali hayo ni mafuta ya namna tatu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwilini hutoka polepole sana. Ukiingia nyufa, maji huvuja, na vitu viwashavyo hupata njia ya kupenya. Kwa hiyo ukavu wa ngozi si jambo la urembo peke yake.

Mwaka 1952 mtafiti wa Kimarekani, Irvin Blank, alieleza majaribio yake juu ya vipande vikavu vya sugu. Vilipotiwa katika mafuta, vilibaki vigumu; vilipopata maji, vililainika. Fundisho lake ni hili: kinacholainisha ngozi ni maji, na kazi kubwa ya mafuta ni kuyazuia maji hayo yasitoroke.

Desturi ya Wajapani

Desturi ya Wajapani yaafikiana na fundisho hilo. Baada ya kunawa, wengi hujipaka kwanza keshōsui, yaani kimiminika chepesi chenye maji mengi. Kisha hufuatisha nyūeki, chenye sura ya maziwa, au krimu nzito. Cha kwanza huleta maji, cha pili huyafunika.

Maji hushikwa na vitu kama gliserini na asidi ya hialuroni. Asidi hiyo iligunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer katika jicho la ng'ombe. Molekuli zake zilizo kubwa hubaki juu ya ngozi, na katika hewa kavu zahitaji kifuniko cha mafuta. Kuhusu seramidi, mwaka 1991 Genji Imokawa na wenzake wa kampuni ya Kao walionyesha kuwa watu wenye pumu ya ngozi wana upungufu wa mafuta hayo. Siku hizi krimu nyingi za Kijapani hutiwa seramidi, au vitu vilivyoigizwa kwayo, ili kukarabati ukuta.

Tangu mwaka 2001 vipodozi vya Japani hutakiwa kuorodhesha viungo vyote, kuanzia kilicho kingi zaidi. Vile visivyofika asilimia 1 huweza kuandikwa kwa mpangilio wowote. Basi jina linalosifiwa sana mbele ya chupa likiwa karibu na mwisho wa orodha, yamkini kiasi chake ni kidogo mno.

Namna ya kufanya jaribio

Kwanza, paka krimu kidogo upande wa ndani wa mkono kwa siku chache. Pakiwasha au kuvimba, acha. Pasipodhurika, endelea hivi: nawa kwa maji ya uvuguvugu, kwani maji ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi, kisha, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka krimu ya Kijapani shavu moja, na vaselini ya kawaida shavu la pili. Usibadilishe mashavu, na tumia kiasi kile kile asubuhi na jioni kwa wiki mbili, muda unaotosha tabaka la nje kujifanya upya. Hatimaye mwombe mtu asiyejua lipi limepakwa nini ayatazame na kuyagusa mchana.

Mashavu yakiwa sawa, hakuna haja ya kulipa zaidi, ila kama wapendelea krimu isiyonata. Moja likishinda, umepata jibu lifaalo ngozi yako, si lazima ya jirani. Na iwapo yote mawili yangali yamepasuka, yanawasha au kutoa majimaji, usinunue krimu ya tatu. Nenda kwa daktari.