Kuchagua Raba za Kukimbilia: Mwongozo kwa Wakimbiaji wa Matwebe na Miinuko ya Rungwe

Mama mmoja wa miaka 58, mkazi wa kata ya Matwebe wilayani Rungwe, aliletwa kliniki akiwa na kidonda katika kidole kidogo cha mguu wa kulia. Alikuwa ameishi na kisukari kwa miaka tisa. Alishauriwa kufanya mazoezi, naye akatii: kila alfajiri alikimbia polepole pamoja na majirani zake wa kikundi cha joging. Mwanawe alimnunulia raba za mtumba jijini Mbeya, nzuri kwa sura lakini finyu. "Mwanangu daktari," aliniambia, "sikusikia maumivu hata siku moja. Nilidhani zimenikaa sawasawa." Kidole kile hatukuweza kukiokoa.

Mama huyu hakukosea kufanya mazoezi. Waliokosea ni sisi wahudumu wa afya, tuliomwambia akimbie bila kumwuliza atakimbia na nini miguuni. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua raba inayomfaa mkimbiaji, kwa kuzingatia mwili wake, mazoezi yake na njia anayopita. Yanawahusu vijana wanaojiandaa kwa mbio ndefu za Mbeya au Moshi, na pia wazee wanaokimbia ili kushusha sukari na shinikizo la damu.

Mguu unapogusa ardhi

Mtu anapokimbia, kila hatua huupa mguu mzigo unaofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 60 huweka juu ya mguu mmoja mzigo wa kilo 120 hadi 180, kisha huurudia kwa mguu wa pili. Katika nusu saa ya mbio za kawaida hatua hizo hukaribia 5,000. Mifupa, kano na misuli ina uwezo wa kuuzoea mzigo huo, mradi uongezeke kidogo kidogo na mwili upewe nafasi ya kupumzika. Usipopewa nafasi hiyo, hutokea maumivu ya muundi, uvimbe wa ukano ulio nyuma ya kifundo cha mguu, maumivu ya unyayo karibu na kisigino, au nyufa ndogo katika mifupa.

Miinuko ya Rungwe huongeza jambo jingine. Anayepanda mlima huuvuta sana ukano wa nyuma ya kifundo. Anayeteremka hutua kwa kishindo kikubwa zaidi, magoti na misuli ya paja hubeba mzigo wa kujizuia, na vidole husukumwa mbele ya kiatu. Ndiyo maana kucha nyeusi huwapata mno wanaoshuka mabonde kwa viatu vifupi. Tena mvua hapa ni nyingi, na udongo wa volkano ukilowa huteleza.

Utafiti unasema nini

Kwa miaka mingi wauzaji wa viatu, na hata baadhi yetu waganga, tulifundisha kwamba kiatu kichaguliwe kwa umbo la unyayo: mwenye unyayo bapa apewe kiatu kigumu cha kuuzuia mguu usilalie ndani, na mwenye unyayo wenye tao kubwa apewe kiatu laini. Fundisho hilo lilipimwa miongoni mwa maelfu ya askari wanafunzi wa majeshi ya Marekani. Waliopewa viatu kwa kufuata umbo la unyayo waliumia takriban sawa na waliopewa viatu vya aina moja bila kupimwa. Mapitio ya tafiti 12 yaliyochapishwa mwaka 2022 na mtandao wa Cochrane nayo hayakuona ushahidi madhubuti kwamba aina fulani ya raba huwakinga watu wazima dhidi ya majeraha kuliko nyingine.

Hata hivyo, kiatu kina umuhimu wake. Huko Luxembourg, watafiti waliwafuatilia wakimbiaji 848 kwa miezi sita. Waliopewa raba zenye soli laini waliumia kwa kiwango kidogo kuliko waliopewa soli ngumu, na faida hiyo ilionekana zaidi kwa watu wepesi wa mwili. Utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo ulionyesha kwamba wakimbiaji waliobadilishana jozi zaidi ya moja ya raba waliumia kwa kiwango cha chini kwa asilimia 39. Nao wataalamu wa mwendo wa binadamu wanazidi kukubaliana kwamba kigezo bora tulicho nacho ni rahisi: mwenye mguu wenye hisia kamili achague kiatu anachokisikia kuwa cha starehe tangu hatua ya kwanza. Kiatu kinachouma dukani hakitapona njiani.

Historia nayo inatufunza. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, na mwaka 1964 akashinda tena Tokyo akiwa amevaa viatu. Mwezi Septemba 2025, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni katika jiji hilohilo la Tokyo, katika zama ambazo kanuni za kimataifa huweka kikomo cha unene wa soli ya mbio za barabarani kuwa milimita 40. Viatu vimebadilika sana kati ya nyakati hizo mbili, lakini mguu uliozoezwa kwa subira ndio uliobaki kuwa msingi.

Kupima kiatu mguuni

Nenda kununua jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, kama unavyovimba wakati wa kukimbia. Vaa soksi zilezile utakazokimbia nazo. Pima miguu yote miwili na ufuate mguu mkubwa. Simama wima: kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viweze kuchezacheza, upana wa kiatu usibane pande, na kisigino kisipande na kushuka unapotembea. Kisha kimbia hatua 20 au 30 palepale.

Usitegemee namba peke yake, kwani namba 40 ya kampuni moja huweza kuwa 41 ya nyingine. Akina mama wakumbuke kwamba mguu huweza kurefuka na kupanuka baada ya ujauzito, na usirudi ulivyokuwa. Ikiwa unamtuma mtu mjini akununulie, simama juu ya karatasi ngumu, chora mzingo wa kila mguu, ukate, umpe. Karatasi hiyo iingie ndani ya kiatu bila kujikunja. Laiti mwana wa yule mama angekuwa na karatasi kama hiyo mfukoni.

Kila mkimbiaji na haja yake

Anayeanza, anayekimbia kilomita tatu hadi tano mara chache kwa wiki, anahitaji raba moja ya kawaida, yenye soli laini kiasi na starehe. Hana haja ya kiatu cha bei kubwa.

Anayejiandaa kwa kilomita 21 au 42 atafaidika na jozi mbili anazobadilishana. Katika mvua za Rungwe jozi ya pili ina faida nyingine: ile iliyolowa hupata siku nzima ya kukauka. Toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, uiweke penye hewa. Usiianike karibu na moto wa jikoni, kwa sababu joto hulegeza gundi na kuharibu sponji ya soli.

Anayepita njia za mashambani, kati ya migomba na mashamba ya chai, achague soli yenye meno ya kushika tope na sehemu ya mbele iliyo imara kukinga vidole. Njumu za mpira wa miguu hazifai kwa kazi hii. Meno yake magumu hukusanya mzigo mahali pachache pa unyayo.

Mwenye historia ya maumivu ya ukano wa nyuma ya kifundo aepuke kuhamia ghafla kwenye viatu vyenye kisigino cha chini sana, hasa akiwa anapanda milima. Anayetaka kukimbia peku au kwa viatu vyembamba afanye hivyo kwa miezi, akianza na dakika chache mahali pasipo na miiba wala vigae. Raba za mashindano zenye bamba la kaboni zimetengenezwa kwa kasi. Si za mazoezi ya kila siku, na anayeanza hazihitaji kabisa.

Raba za mtumba

Wengi wetu hununua mitumba, na si aibu. Ila ikague. Iweke juu ya meza bapa na uitazame kwa nyuma: ikiinamia upande mmoja, imekwisha kuchukua umbo la mwendo wa mtu mwingine. Ikunje: ipinde pale vidole vinapopindia, si katikati kama kitambaa. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi ubavuni, sponji imechoka. Kumbuka kwamba sponji huzeeka hata ndani ya kiatu kinachong'aa. Pitisha mkono ndani kutafuta mishono iliyofumuka, misumari na uvimbe wa gundi. Ioshe, ikauke vizuri, na ikiwezekana ubadilishe soli ya ndani, ili kupunguza hatari ya fangasi.

Maisha ya raba ya kukimbilia hukadiriwa kuwa kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 20 kwa wiki hufikisha 500 baada ya wiki 25, yaani takriban miezi sita. Ya mtumba ilishatumika, hivyo tarajia muda mfupi zaidi. Maumivu mapya yakianza bila mazoezi kuongezeka, tazama kiatu kwanza.

Mwenye kisukari au ganzi miguuni

Hapa kanuni ya starehe inavunjika. Mguu uliopoteza hisia hausemi kweli. Mara nyingi mwenye ganzi huchagua kiatu kinachobana, kwa sababu ndicho pekee anachokisikia. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mama. Kwa mgonjwa wa namna hii, nafasi ya kiatu ipimwe kwa jicho na kwa mkono wa mtu mwingine, wala si kwa neno lake pekee.

Mhudumu wa zahanati anaweza kuchunguza hisia bila kifaa chochote. Mgonjwa afumbe macho. Mguse kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu, naye aseme anapohisi. Usibonyeze wala usirudie. Asipohisi mahali pawili au zaidi kati ya sita, mguu wake umo hatarini. Papasa pia mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya fundo la ndani.

Mgonjwa huyo asikatazwe kuushughulisha mwili. Achaguliwe zoezi salama zaidi, kama kutembea mwendo mfupi kwa viatu vipana, kuendesha baiskeli au mazoezi ya kukaa kitini. Mwenye kidonda asikimbie hata kidogo mpaka kipone. Kabla ya kuvaa, akung'ute kiatu na kupitisha mkono ndani. Avae soksi safi, za rangi nyeupe, ili damu au usaha uonekane mapema. Kiatu kipya akivae saa moja tu siku ya kwanza, kisha akague miguu. Kila jioni atazame nyayo na katikati ya vidole. Asiyeona vizuri asaidiwe na mjukuu. Lengelenge, wekundu au jeraha dogo kiasi gani, afike kituoni siku hiyohiyo.

Wahudumu wenzangu, tunapoandika ushauri wa mazoezi katika daftari la mgonjwa, tuongeze mstari mmoja: amevaa nini, na miguu yake inahisi? Tumwombe avue viatu mbele yetu. Uchunguzi huo hauchukui hata dakika tano.

Yule mama bado anatoka alfajiri na wenzake. Hakimbii tena, anatembea, kwa viatu vipana vilivyopimwa kwa karatasi, na soksi nyeupe. Wanawake wawili wa kikundi chake wameshakuja kupimwa miguu. Ndiye aliyewatuma.