Carrière ya mashimo na carrière ya sinema

Nilipokuwa sekondari kule Masisi, neno «carrière» lilinisumbua sana. Mwalimu wa Kifaransa alisema ni njia ya kazi ambayo mtu anaifuata maisha yake yote: carrière ya daktari, carrière ya padri, carrière ya mwigizaji wa sinema. Lakini nyumbani carrière ilikuwa mlima wenye mashimo, kule kaka zetu walikuwa wanapanda asubuhi na koleo na kushuka jioni wamefunikwa na udongo. Kwa muda mrefu niliamini kwamba hata mwigizaji ana mlima wake mahali fulani, anachimba. Leo, baada ya miaka mingi ndani ya syndicat ya wachimbaji, ninaona sikukosea sana.

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea kwa mambo ya bei ya kasiterite na ya mashimo yanayobomoka. Leo mniachie nafasi niongee juu ya waigizaji. Nina sababu, na nitaifikia.

Filamu ya kwanza ambamo niliona watu wetu wa Walikale niliiangalia kule Mubi, kwenye ordinatere ya rafiki, gurupe ikilia inje. Inaitwa «Le Tribunal sur le Congo». Aliyeitengeneza ni Milo Rau, mtu wa Uswisi, fundi wa teatri. Mwishoni mwa mwezi wa tano 2015 alifungua tribunal ndani ya Collège Alfajiri, Bukavu, na mwezi uliofuata akaiendeleza Berlin, Ujerumani. Tribunal hiyo haikuwa na nguvu yoyote ya kisheria. Ilikuwa teatri. Lakini rais wake, Jean-Louis Gilissen, ni avocat wa kweli kutoka Ubelgiji, aliyezoea kazi ya mahakama za kimataifa. Avocat Sylvestre Bisimwa, aliyefanya uchunguzi, ni avocat wa kweli wa kwetu. Wachimbaji walikuwa wachimbaji, wakubwa wa serikali walikuwa wakubwa wa serikali. Hakuna aliyevaa nguo ya mtu mwingine. Kila mmoja alikuja kucheza nafasi yake mwenyewe.

Kesi zilikuwa tatu, na moja ni Bisie. Asiyeijua Bisie ajue hivi: kasiterite ilianza kuchimbwa kule mnamo 2002, ndani ya pori la Walikale. Kutoka Njingala ulikuwa unaenda kwa miguu, zaidi ya kilometa 40 za matope na mizizi, na wabebaji walirudi na kilo 50 mgongoni. Wakati fulani sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu ya Kaskazini ilitoka kwenye mlima huo mmoja. Wanajeshi walitoza, makundi yenye silaha yalitoza, kila mwenye bunduki alitoza. Mwezi wa tisa 2010 Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Kisha ikaja kampuni yenye karatasi ya serikali, na mwaka 2019 Alphamin ikaanza kutoa madini kwa mashine. Wachimbaji wa mikono waliulizwa waende wapi? Swali hilo ndilo lilipelekwa kwenye jukwaa la Bukavu.

Kilichonishangaza ni namna watu walivyosimama. Mimi nimeona wachimbaji mbele ya mahakama ya kweli: wanainamisha kichwa, wanasema «ndiyo mukubwa», wanatafuta mlango kwa macho. Pale, mbele ya kamera na umati, waliongea. Nafikiri ni kwa sababu walijua ni mchezo. Mchezo uliwapa ruhusa ambayo sheria haijawahi kuwapa. Na yule mukubwa wa serikali naye alilazimika kujibu, kwa sababu mwigizaji asiyejibu anaonekana mjinga mbele ya watu.

Rafiki yangu alifunga ordinatere akasema: «Sasa bale batu balilipwa?» Sikujua la kumjibu. Lakini swali lake ndilo swali la syndicat, na tangu siku ile nimeanza kuangalia waigizaji kwa jicho la kazi.

Twende kwanza Lubumbashi, maana kule wachimbaji na teatri walikula sahani moja. Troupe ya Mufwankolo ilijulikana katika mji mzima, kwa radio na kwa televisheni, na ilicheza kwa Kiswahili cha watu wa mashimo na cha soko, kile ambacho padri alikuwa anakikosoa. Mufwankolo ni jina la jukwaani. Jina lake la nyumbani ni Odilon Kyembe Kaswili. Hawakuandika maneno ya mchezo. Walikaa, wakakubaliana juu ya hadithi, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe mbele ya watu. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo mmoja aliousikia, «le pouvoir se mange entier», yaani mamlaka huliwa nzima. Hawakumpa maelezo. Walimtengenezea mchezo mzima juu ya chifu na watu wa kijiji chake, na yeye akaandika kitabu juu yake. Mimi naona ni jibu la akili sana, kwa sababu maelezo juu ya mamlaka wakati wa Mobutu yangeweza kukupeleka mahali pabaya, lakini chifu wa kuchekesha ni chifu wa kuchekesha tu.

Angalieni jambo moja hapo. Watu wengi wa troupe hiyo walikuwa na kazi nyingine iliyowalisha. Teatri ilikuwa jioni, mshahara ulikuwa mchana. Hiyo ni nguvu kubwa. Mtu mwenye posho nyumbani anaweza kukataa nafasi mbaya. Kwetu Masisi na Walikale mwigizaji hana mchana wala jioni.

Mwaka huohuo 1986, tarehe 5 mwezi wa nne, nchi yetu ilitoa sheria, ordonnance-loi namba 86-033, inayolinda haki za watunzi na zile zinazoitwa «droits voisins», haki za jirani, ambazo zinamhusu pia mwenye kuigiza. Kisha mwaka 2011 ikaundwa SOCODA ya kusimamia mambo hayo. Mwanamuziki wa Kinshasa atakuambia mengi juu ya SOCODA, ya kucheka na ya kulia. Lakini nendeni Nyabiondo, muulize kijana aliyecheza katika filamu ya sensibilisation kama anajua ana haki ya jirani. Atakuonyesha jirani yake.

Kuna mtoto mmoja wa Kongo ambaye carrière yake inasimuliwa kila mahali kama muujiza: Rachel Mwanza. Alikuwa mtoto wa barabara Kinshasa, familia ilimwacha, wakamwita ndoki. Kim Nguyen, mtengenezaji filamu wa Canada, alimchagua acheze Komona katika «Rebelle», msichana anayetekwa na waasi na kupewa bunduki. Hawakumpa kitabu cha maneno yote. Walipiga picha kwa kufuata mfuatano wa hadithi, siku baada ya siku, ili asijue mapema kitakachompata Komona. Mwezi wa pili 2012, kule Berlin, akapewa Ours d'argent, zawadi ya mwigizaji bora wa kike. Filamu yenyewe ikafika mpaka kwenye orodha ya Oscar. Rachel alipata shule na mahali pa kulala, baadaye akaishi Canada, akaandika kitabu juu ya maisha yake.

Ninafurahi kwa ajili yake, kabisa. Lakini sisi tuliozoea mashimo tunajua hadithi ya namna hiyo. Katika kila carrière kuna mtu mmoja aliyepata jiwe kubwa, akanunua moto, akajenga nyumba ya mabati Goma, na kwa ajili yake wengine elfu wanashuka kila asubuhi. Jina lake linatajwa kwenye mlango wa shimo kama sala. Wale elfu hawatajwi. Komona wa filamu alikuwa peke yake. Makadogo waliopita Masisi kwa kweli, nani atawahesabu?

Sasa nifikie sababu yangu.

Kuna miaka imepita, shirika moja lilikuja kwetu kutengeneza filamu fupi juu ya watoto ndani ya carrières na juu ya ulaghai wa madini. Walinitafuta mimi kwa sababu ninajulikana na wachimbaji. «Papa Président, tutafutie watu kumi na wawili wenye kuongea vizuri.» Niliwatafuta. Nilijivuna, kusema kweli. Nilijiona kama mimi ndiye producteur. Malipo yalikuwa dola 5 kwa siku kwa mwenye kuongea, sukre na mikate kwa wale wa kujaza picha tu. Kila mmoja alitia sahihi kwenye karatasi ya Kifaransa, kurasa tatu. Mimi mwenyewe niliwaambia: «Tieni tu, ni formalité.» Mimi, mtu wa syndicat, ambaye kila juma ninawakataza watu kutia sahihi wasichokisoma!

Walihitaji mtu wa kucheza komanda wa kundi lenye silaha. Kijana mmoja mbebaji mizigo, mrefu, sauti nzito, alisimama akajaribu. Wote tulikaa kimya. Alikuwa na kipaji cha ajabu. Aliangalia chini kidogo kabla ya kuongea, kama wanavyofanya wale wakubwa wa kweli wanaojua kwamba utangoja. Walimpa bunduki ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi. Alicheza siku mbili, akapata dola 10, akamnunulia mama yake kitenge.

Filamu ilionyeshwa Goma katika hoteli, mbele ya wageni. Kwetu haikurudi kama filamu. Ilirudi vipande vipande ndani ya simu. Kipande kilichotembea zaidi kilikuwa chake: sekunde arobaini hivi, komanda anatoza wachimbaji kodi na kumpiga mmoja teke. Hakuna jina, hakuna maandishi ya kusema huyu anaigiza. Kwa nini watu wasiamini? Hapa kwetu wenye sura ya namna hiyo tunao.

Siku moja akasimamishwa kwenye bariera na mzigo wake. Mwenye bariera alitoa simu, akaangalia kipande, akamwangalia yeye. Walimkalisha pale mpaka usiku. Aliponifikia alikuwa bila viatu. «Papa Prezida, banasema miye ni komanda ya kweli. Banataka niatoshe bunduki. Niaitoshe wapi? Ile ya mbao babazungu balirudia nayo!» Juma lililofuata wengine wakaja kumtafuta kwa mama yake, na hao hawakuwa wa upande uleule. Hao walitaka kujua anafanyia kundi gani kazi. Akatoka usiku, akapitia Sake, akafika Goma.

Nililiandikia lile shirika. Nikajibiwa kwa heshima kwamba karatasi ilikuwa imetiwa sahihi. Ilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyewaambia watie.

Tangu wakati ule, akija mtu na kamera kwetu, tunakaa naye chini kwanza. Karatasi iandikwe Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya wote. Nafasi ya mwenye silaha, au ya mama aliyenajisiwa, isichezwe na mtu wa kijiji kilekile. Mcheza aje kutoka mbali, hata kama nauli ya moto inapanda. Jina la mwigizaji na neno «anaigiza» viandikwe chini ya picha muda wote, siyo mwishoni ambapo hakuna anayesoma. Na kashe ijulikane kabla. Wengine wanakubali. Wengine wanasema tunazuia kazi, wanageuza gari wanaenda kijiji kingine, na kule wanapata watu. Hilo pia tunalijua kutoka kwenye mashimo: ukikataa bei, négociant anavuka mto.

Yule kijana yuko Goma mpaka leo, anabeba mizigo kandokando ya ziwa. Amejiunga na troupe ndogo ya vijana, wanacheza shuleni na kwenye maparokia. Mama yake alimfuata akamletea kile kitenge, akisema hawezi kukivaa.

Juzi alinipigia simu. Kuna watu wanatafuta mtu wa kucheza komanda, siku tatu, dola 20 kwa siku, na amewaambia ataleta karatasi nimsomee. Nilimshauri aombe nafasi nyingine, hata ya mwalimu. Alicheka mpaka akakohoa.

«Papa Prezida,» akasema, «bamwalimu habalipwaka.»