Njoo Kesho: Safari ya Ombi la Mwananchi na Namna ya Kulifuatilia

Mkazi anaamka alfajiri, anaacha kazi za shamba na kulipa nauli ya bodaboda hadi ofisi ya kijiji. Anaelezwa kwamba Mtendaji yuko kikaoni katani. Siku ya pili anamkuta Mtendaji, lakini Mwenyekiti anayepaswa kutia saini amesafiri. Siku ya tatu anaambiwa jalada limekwenda wilayani. Anapofika wilayani anaulizwa muhtasari wa kikao cha kijiji, ambao hakuna aliyemweleza kuwa unahitajika. Safari nne kwa shughuli moja, na jibu ni lilelile: njoo kesho.

Malalamiko ya namna hii hayafai kubezwa, kwa kuwa kila safari ni siku ya kazi iliyopotea. Hata hivyo, mengi huishia vijiweni kwa sababu mlalamikaji hafahamu ombi lake limekwama wapi na nani ana wajibu wa kulikwamua. Makala haya yanaifuata njia hiyo hatua kwa hatua, kwa mfano wa ombi la Hati ya Hakimiliki ya Kimila.

Nani anaamua nini

Katika kijiji, chombo cha juu ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaowahusisha wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano huo hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Kazi za kila siku husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Mwenyekiti wa Kijiji huchaguliwa na wananchi, ilhali Mtendaji wa Kijiji ni mtumishi aliyeajiriwa, naye ndiye mtunza kumbukumbu za vikao.

Katika kata yupo Mtendaji wa Kata, pamoja na Diwani anayeongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata. Wilayani, mtendaji mkuu wa Halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji. Wananchi wengi humchanganya na Mkuu wa Wilaya, ambaye ni mwakilishi wa Serikali Kuu. Barua inayohusu huduma ya Halmashauri ikielekezwa kwa Mkuu wa Wilaya, hulazimika kurudishwa kwa Mkurugenzi, na siku kadhaa hupotea njiani.

Njia ya hati

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaelekeza ombi la hakimiliki ya kimila liwasilishwe kwa Halmashauri ya Kijiji. Halmashauri hiyo inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 90 tangu kupokea ombi lililokamilika. Kwa hiyo ombi lililopokelewa tarehe 2 Februari linapaswa kuwa na jibu mwanzoni mwa Mei.

Halmashauri ya Kijiji haiwezi kutoa hakimiliki bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Baada ya idhini na uhakiki wa mipaka, hati husainiwa na Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, kisha hupelekwa wilayani kwa afisa ardhi ili isainiwe na kusajiliwa. Hayo yote huwezekana pale kijiji chenyewe kinapokuwa na cheti cha ardhi ya kijiji na masjala ya kuhifadhia kumbukumbu. Mwombaji anashauriwa kuuliza kuhusu mambo hayo mawili kabla ya jambo jingine lolote.

Mahali ombi linapokwama

Kwanza, ombi hukwama mlangoni. Fomu hukabidhiwa mkononi, huwekwa mezani, na haiandikwi katika rejista. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ombi ni hivyo hivyo. Lisipokuwa na tarehe ya kupokelewa, siku 90 hazina pa kuanzia kuhesabiwa, na ucheleweshaji hauwezi kuthibitishwa.

Pili, hukwama kwenye mkutano. Mkutano Mkuu ukiahirishwa kwa sababu ya mahudhurio hafifu, maombi yote yaliyokuwa kwenye ajenda hubaki yakisubiri, pengine hadi robo ya mwaka inayofuata. Hapa lawama haiishii ofisini. Mkazi anayebaki nyumbani siku ya mkutano anaichelewesha hati ya jirani yake, na zamu yake ikifika naye atacheleweshwa vivyo hivyo.

Tatu, hukwama kwenye muhtasari. Mkutano umefanyika na idhini imetolewa, lakini muhtasari haujaandikwa au haujasainiwa. Wilayani hakuna afisa atakayesajili hati kwa kuelezwa kwa mdomo kwamba kikao kilikaa.

Nne, hukwama wilayani kwenyewe. Watumishi wa ardhi ni wachache na vijiji ni vingi. Hilo ni kweli, lakini halihalalishi ukimya. Mwombaji anastahili kuelezwa kwamba jalada lake limefika, nini kinapungua, na lini litashughulikiwa. Kumwambia njoo kesho ilhali inajulikana kwamba kesho hakutakuwa na jibu ni kumpotezea haki yake taratibu.

Madhara yake ni makubwa. Hati inapochelewa, mpaka wa shamba huanza kusogea. Mjane aliyebaki na eneo la marehemu mumewe hana karatasi ya kuonyesha wanapojitokeza wadai wengine, na mkulima anakosa dhamana ya kupelekea taasisi ya fedha inayoitambua hati hiyo.

Hatua za kuchukua

Mwombaji aandae nakala mbili za ombi. Moja ibaki ofisini; nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saini, naye aondoke nayo. Kabla ya kuondoka aulize mambo matatu: ombi linakwenda kwa nani, kikao gani kitalijadili, na tarehe gani arudi. Majibu ayaandike nyuma ya nakala yake.

Akitakiwa kulipa, aombe namba ya malipo ya Serikali na adai stakabadhi. Fedha inayotolewa mkononi bila stakabadhi haiingii kwenye hesabu za Halmashauri. Anayeombwa rushwa anaweza kuipigia TAKUKURU bure kwa namba 113.

Tarehe ikipita bila jibu, aandike barua fupi ya kukumbusha kwa Mtendaji wa Kijiji, na nakala kwa Mtendaji wa Kata. Akikosa majibu, aandike kwa Mkurugenzi Mtendaji akiambatisha nakala yenye muhuri, au afike kwenye dawati la malalamiko. Diwani naye anaweza kulifuatilia suala hilo kwa niaba ya mkazi wake.

Aidha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, nayo ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Kwa hiyo, swali la jalada liko hatua gani ni haki ya mwombaji, wala si usumbufu kwa mtumishi.

Wajibu wa ofisi

Mtendaji naye ana wajibu wake: rejista iliyo wazi, muhtasari uliosainiwa mapema, na ratiba ya mikutano iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mtumishi anapolazimika kusafiri, amwachie mwenzake maelekezo, ili mkazi aliyetoka mbali asikute kufuli mlangoni. Pale ambapo jibu bado halijapatikana, mkazi atajiwe tarehe inayojulikana na sababu ya kusubiri, naye ataipanga safari yake kwa hesabu. Nakala yenye muhuri mkononi mwa mwombaji na rejista iliyojazwa mezani mwa Mtendaji hazihitaji bajeti mpya, na zinaweza kuanza kutumika Jumatatu ijayo.