Hesabu ya Kaa, Hesabu ya Mvuvi

Wengi hudhani mwindaji hupenda windo kubwa kuliko yote. Kaa anatuonyesha vingine. Mwaka 1978, watafiti Elner na Hughes huko Wales waliwapa kaa kome wa ukubwa mbalimbali, nao kaa wakawapendelea wa wastani. Kome mkubwa ana nyama nyingi, lakini gamba lake ni gumu, na muda wa kulivunja ungetosha kuwala wadogo kadhaa. Kinachopimwa ni shibe kwa muda uliotumika. Nadharia hii, ambayo MacArthur na Pianka waliiandika mwaka 1966, ina fundisho la pili lililo zito zaidi: windo duni haliliwi kwa sababu liko tele, huliwa kwa sababu lililo bora limeadimika. Penye neema mwindaji hubagua. Penye uhaba hupokea chochote.

Tulete fundisho hilo kati ya Malindi na Kilifi. Mvuvi anapoteremsha ufukweni tafi na changu wachanga, tunamwita mharibifu asiyejali kesho. Kenya ilipiga marufuku juya la kukokota mwaka 2001, lakini halikutoweka. Sababu ni kwamba samaki wakubwa wakipungua mwambani, kumrudisha mdogo majini ni kurudi nyumbani mikono mitupu. Mvuvi huyo amepiga hesabu sawasawa, ila bahari anayoihesabia imefilisika, na lawama haziongezi samaki.

Atakayepinga atasema kaa hana akili, na binadamu hafai kupimwa kwa mizani yake. Ni kweli kaa haketi akawaza. Vizazi vingi vya mageuzi vimemwazia. Lakini hapo ndipo tofauti inapotufaa. Kaa hana uwezo wa kuibadilisha bahari yake, sisi tunao. Wavuvi wa Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, walilithibitisha hilo mwaka 2005 walipofunga wenyewe tengefu la takriban hekta 30 ili samaki wazaane. Malema yenye upenyo nayo humwachia samaki mchanga atoke bila kumtegemea mvuvi kuishinda njaa yake.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye uchungu: mwenye njaa ya leo hangoji tengefu lijae. Ni haki yake kusema hivyo, hasa asiye na chombo cha kumfikisha maji makuu. Kwa hiyo anayemtaka mvuvi achague vyema aanze na kilichomo katika uchaguzi wake: chombo, mtego bora, riziki ya kumvusha miezi ya kungoja. Samaki mchanga ataachwa siku kumwacha kutakapokuwa hakumlazi mtu njaa.