Fahamu: Je, ni halali kutozwa bei tofauti na mwenzako?
Muuza nyanya wa soko la Kongowea akikuuzia fungu kwa shilingi 50 na mwenzako kwa 30, hajavunja sheria ya Kenya: bei ni mapatano, na una hiari ya kwenda meza ya pili. Kinachokatazwa ni baadhi ya sababu za kutoza tofauti. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inamzuia hata mtu binafsi kumbagua mwingine kwa rangi, kabila, jinsia au dini. Mbona basi mgeni hulipa zaidi mbugani? Hapo kigezo ni uraia na ukaazi, na mwenyeji huchangia hifadhi hiyo kwa kodi yake mwaka mzima. Naiona tofauti hiyo ni ya haki, mradi bei ibandikwe langoni, isikadiriwe kwa kutazama sura ya anayeingia.