Vumbi la Kobalti na Kipimo Chake

Wapendwa, wengi wetu hapa Kolwezi twapata chakula chetu kwa kazi ya shaba na kobalti. Kazi ni jambo jema. Lakini imetupasa kulijua vumbi lake, maana lile libaya zaidi halionekani kwa macho. Lapita puani hata ndani ya mapafu. Dalili zake ni kikohozi kisichoisha, kifua kubana, pumzi kuwa fupi, na ngozi kuwasha.

Kipimo ni nini?

Katika Torati (Kumbukumbu, mlango wa 22) mwenye kujenga nyumba aliagizwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asianguke. Kipimo cha hewa ni ukingo wa namna hiyo. Wataalamu wa chama cha ACGIH cha Marekani hushauri kwamba, kwa siku ya kazi ya saa 8, kobalti isizidi miligramu 0.02 katika meta moja ya ujazo ya hewa. Ni kidogo kuliko punje moja ya chumvi, ikisambazwa katika sanduku la meta moja kila upande!

Lakini kipimo hakimlindi mtu hewa isipopimwa. Wewe wa kiwandani, muulize msimamizi ilipimwa lini. Mchimbaji wa mkono hana wa kumpimia.

Vumbi huja nyumbani

Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo, watu wakachimba viwanjani mwao. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kobalti nyingi katika mkojo wa wakaaji, hasa watoto. Tena uchunguzi wa Lubumbashi wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao hufanya kazi ya madini walizaliwa na vilema mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Basi fanyeni hivi:

1. Lowesheni mawe kwa maji kabla ya kuyaponda.
2. Vueni nguo za kazi nje ya nyumba, mkaoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.
3. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Mama mwenye mimba asizikung'ute.
4. Msilete mawe wala magunia yake nyumbani.
5. Naweni mikono kabla ya kula.
6. Kitambaa puani hakizuii vumbi laini. Ombeni maski yenye kichujio.

Mwenye kukohoa majuma mawili aje hospitali, aeleze na kazi yake. Asione haya. Mungu aliyetupa pumzi atusaidie kuitunza.